Shavu la Jiwe la Tisa

Mzee wangu amefunga mkanda wa maji, amevaa kofia ya shaba iliyoota kutu ya kijani, amekalia vilima vitatu kama chungu juu ya mafiga, na ukimwuliza jina lake hukutajia la jana. Tegua. Ukishindwa, nipe mji, na huo mji utakaonipa ndio jibu lenyewe.

Mkanda ni mto. Kofia ni paa la mnara wa kanisa. Na jina la jana ni kwa sababu kila mtawala aliyeshuka kutoka milimani alikuja na jina lake mfukoni, akalipaka rangi juu ya la mwenzake, hata kibao cha pale darajani kikawa kinene kama mkate. Watu wakachoka, wakauita Mji tu. Ulikuwa mji mdogo wa gulio. Katikati uwanja wa mawe, katikati ya uwanja nguzo waliyoisimamisha tauni ilipopita, na ukutani mwa ukumbi dhiraa ya chuma iliyopigiliwa misumari, mkono mtupu usio na mtu, ambao kila kitambaa kilichouzwa siku ya Jumatano kililazwa juu yake kipimwe. Watoto wa Mji walifundishwa kuuamkia mkono ule kabla ya kuwaamkia wazazi wao.

Ulizaliwa kwa kitendawili, Mji huo. Mfalme mmoja alipotea mawindoni, akatokea kivukoni akiwa na kiu, akamkuta mwanamke anapika pombe ya shayiri. Akaomba. Mwanamke akasema, hapa mtu hanywi kabla hajategua. Akamtegea, mfalme akatafuna ndevu mpaka jua likainama, akashindwa. "Nipe mji basi," mwanamke akasema. Mfalme hakuwa na mji karibu, akampa pale pale alipokanyaga. Akaandika barua juu ya ngozi, akaipiga muhuri wa nta mkubwa kama andazi: watu wa hapa wana ruhusa ya kufungua gulio, na mipaka yao ni mawe tisa. Kitendawili chenyewe kimesahaulika. Kushindwa kwa mfalme ndiko kulikoandikwa.

Na jambo la kwanza watu walilofanya siku walipopewa Mji lilikuwa kumfukuza yule mwanamke. Kibanda chake kilikuwa upande wa pili wa jiwe la tisa.

Kalamu huandika juu ya ngozi ya mbuzi, na mbuzi huliwa na panya. Kwa hiyo watu wa Mji waliandika mipaka yao juu ya ngozi ya mtu. Kila mwaka wa saba, theluji ikiyeyuka, waliizunguka mipaka jiwe kwa jiwe, na penye kila jiwe walimsimamisha mtoto mmoja, wakampiga kofi la haki, kofi la kumtoa machozi na kamasi, ili asipasahau mahali pale mpaka kaburini. Mtoto huyo akawa shavu la jiwe. Jiwe likizama au likiibiwa, shavu huitwa, huulizwa, huapa. Hakuna shavu, hakuna mpaka. Na mpaka uko pale jiwe liliko, si pale lilipokuwa: ndivyo ilivyosema sheria, na sheria hiyo walipenda kuitaja huku wakigonga meza.

Hedvika aliandikwa penye jiwe la tisa akiwa na miaka tisa. Desturi ilitaka wavulana, lakini mwaka ule surua ilikuwa imewalaza wavulana wote wa kijitoni, mtaa ulio karibu na jiwe hilo, ndipo akavutwa yeye, na utepe wake wa buluu kichwani. Aliyempiga alikuwa meya wa siku zile, mchinjaji, kiganja chake kipana kama kibao cha kukatia mboga. Sasa alikuwa na miaka sabini na miwili, anaishi peke yake katika nyumba ya tatu kati ya tano zilizobaki kijitoni, anafuga bata bukini na kuchambua manyoya yao ya kujazia mito. Vidole vyake vilijua kutenganisha ulaini na mfupa bila macho. Nusu ya Mji ililalia kazi yake. Hakuna aliyemwota.

Asubuhi ya mzunguko walikuja kumchukua watatu. Wa mbele alikuwa Vendelin, meya, mjukuu wa yule mchinjaji, amerithi kiganja. Nyuma yake Kvido, karani, kitabu cha Mji kwapani, kikohozi mkononi. Wa mwisho Otylie, jirani wa Hedvika kwa miaka arobaini, ambaye kila kipupwe walikaa meza moja kuchambua manyoya na kusengenya waliokosekana. Otylie alikuwa amejitundika futi ya fundi cherehani shingoni. Kiwanja chake, kwa bahati, kilikuwa juu kidogo mlimani.

"Umeamkaje, bibi?" Vendelin alisema bila kuvua kofia.

"Nimeamka mjini, bwana meya. Sijui nitalala wapi."

"Hilo liko kinywani mwako."

Otylie alikuwa amekwisha fika dirishani, ananyoosha futi kutoka pembe hadi pembe.

"Unapima nini, Otylie?"

"Hewa, dada. Napima hewa tu."

"Basi acha na ya kupindia. Hewa yangu husinyaa ikifuliwa."

Kvido alikohoa ili asicheke. Vendelin hakucheka. Alieleza kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo. Bwawa la samaki litapanuliwa, na maji yatahitaji kulala mahali. Jiwe la tisa limepotea kwenye matete siku nyingi, nao wamechonga jipya, liko kwenye mkokoteni. Hedvika ataapa kwa shavu lake kwamba la zamani lilisimama chini ya ule mti ambao maua yake hupikwa kama chai, kule juu. Jipya litapandwa pale. Nyumba tano zitakuwa nje, na wa nje huondoka kabla jua halijatua, na vyombo vyao ni vya walio ndani.

"Na mimi?"

"Wewe utapewa chumba nyumba ya wazee. Kina jiko. Ukikataa, kengele ya saa sita mchana ikilia shavu lako limekufa, tutamwandika mwingine."

"Mwingine nani?"

"Nimejitolea," alisema Otylie, anakunja futi. "Nina mashavu mapana."

Wakatoka.

Mji mzima ulikuwa barabarani. Hakuna aliyemsalimu. Waliokuwa wakimwita shangazi siku ya kununua mito walitazama vidole vya miguu yake, kama watu wanaokisia kiatu. Mwanamke mmoja mwenye tumbo kubwa alisema kwa sauti, mwambieni asifunge mlango, kufuli zimepanda bei. Watu wakacheka kicheko kifupi.

Jiwe la kwanza lilikuwa kilimani, penye mizabibu iliyokufa kwa baridi enzi ambazo hata kitabu hakizikumbuki. La pili msituni. Hapo Vendelin aligusa jiwe, akagusa shavu la mzee mwenye jiwe hilo, akasema, "Lipo." Mzee akaitikia, "Linauma bado." Hivyo ndivyo walivyojibizana, wala halikuwa neno la mzaha.

Penye jiwe la tatu Hedvika aliona kwamba msafara umerefuka. Mbele yake alitembea mtoto wa kike mwenye utepe wa buluu, anaburuta fimbo. Mbele ya mtoto, mwanamke mwenye harufu ya shayiri, kikombe cha mbao mkononi. Hawakugeuka. Hedvika alizijua shingo zote mbili kama mtu anavyoijua shingo yake ambayo hajawahi kuiona. Akajisemea: mimi ni yupi? Anayetangulia, au anayefuata? Au sisi ni shingo moja, na Mji ndio unaobadilisha vichwa?

Jiwe la tano liko ukingoni mwa mto, kwenye daraja. Na juu ya daraja, wakija kinyume na msafara, walipita watu wenye vifurushi. Wa kwanza walikuwa wale waliotaka kunywea kikombe kimoja na padri wao, wakaambiwa mpaka umesogea. Wakafuata waliowataka wa kwanza waondoke. Wakafuata waliosali wakielekea pembe nyingine, waliouza sufu na vioo na kuzika watu wao nje ya ukuta, chini ya mawe yaliyoandikwa kwa herufi za mraba. Wakafuata waliouita mkate kwa ulimi mwingine, nao walikuwa wengi, na juzi tu walikuwa wao wanaogonga milango. Mwishoni wenye ng'ombe wawili, waliofukuzwa na wenye ng'ombe mmoja. Kila kundi lilipita kwa mwaka wake, lakini leo walipita pamoja, na mbele ya kila kundi alisimama mtu mmoja wa kuwaonyesha njia, kofia mbalimbali, kiganja kile kile.

Hedvika alifumba macho. Usiwahesabu, alijiambia. Ukihesabu utamkuta Rozalie.

Akamkuta. Rozalie, mke wa fundi saa, aliyeishi ng'ambo ya kijito, nyumba tano za leo zilipokuwa bado kumi na mbili. Miaka ishirini na minane iliyopita Mji ulimgusa Hedvika shavu, ukasema jiwe la tisa lilikuwa kijitoni, sivyo? Haukumtaka aape. Ulimtazama tu, akanyamaza, na kunyamaza kukaandikwa kitabuni. Jioni ile Rozalie alivuka daraja na saa ya ukutani mgongoni, inagonga kila alipojikwaa. Na kesho yake Hedvika, ambaye hakuwa mwizi, ambaye alikwenda kufunga tu dirisha lililokuwa likipigwa na upepo, alirudi na mto. Mto mmoja. Foronya yenye maua mekundu. Aliulalia. Anaulalia.

Rozalie alipompita pale darajani alisema, bila chuki, kama mtu anayeuliza hali ya hewa, "Bado laini?"

"Bado," alijibu Hedvika.

"Unazungumza na nani?" Otylie akauliza nyuma yake.

"Na mtu wa nje."

"Utazoea. Mtakuwa na mengi ya kuongea."

Kitendawili kingine, wajukuu, kabla hatujafika. Nina kitabu cha kurasa mbili, mwenye kukiandika hakisomi, na anayekibeba hakuombwa. Hicho mnakijua, mnacho usoni.

Mti wa maua ya chai ulisimama juu kidogo ya kijito, mkubwa, mtupu, machipukizi yake mekundu kama vichwa vya viberiti. Mkokoteni ulikuwa umefika, jiwe jipya juu yake, jeupe, halijanyeshewa hata mvua moja. Shimo lilikuwa limechimbwa tayari. Chini kabisa zilionekana nyumba tano, moshi ukitoka katika mbili, na bata bukini wa Hedvika wakipiga kelele uani kwa kuwa hawajalishwa.

Wakamsimamisha ukingoni mwa shimo. Kvido akafungua kitabu.

"Sema, bibi," alisema Vendelin. "Jiwe lilikuwa hapa?"

"Sijui jiwe lilikuwa wapi."

Watu wakaguna. Mtu akatupa donge la tope, likampata begani. "Shavu bovu!" sauti ikasema. "Lioshwe!"

"Unajua," alisema Vendelin. "Babu yangu alikupiga mwenyewe. Alisema mkono ulimuuma siku tatu."

"Mkono? Pole yake."

"Bwana meya," Kvido akasema kwa upole, kidole kwenye ukurasa, "desturi inaruhusu shavu lililosinyaa lipigwe tena. Upande ule ule. Kumbukumbu huwa inarudi."

Jua lilikuwa karibu na utosi. Vendelin akavua glavu. Alionekana kusita kidogo, kwa kuwa bibi alikuwa mdogo kama ndege, kisha akawatazama watu, nao walikuwa wanangoja, na mtu anayengojewa na watu elfu mbili hana mkono wake mwenyewe. Akapiga.

Kofi lilitua shavu la kushoto, na kichwa cha Hedvika kikazungukia kulia.

Akawa na miaka tisa. Utepe wa buluu umemfunika jicho moja. Theluji inayeyuka ndani ya viatu vyake. Kengele inalia, au ni sikio. Watu wote wanamtazama yeye. Machozi yamejaa, lakini nyuma ya machozi, upande wa kulia, ndani ya matete yanayolificha jiwe, anaona vizuri sana, maana maumivu huosha macho: wanaume wawili wameinama, wamebeba kitu kwa gunia. Kitu kizito. Gunia linateleza, kinatokeza kichwa cha jiwe, taji limechongwa juu yake, mshipa mweupe unalikata taji vipande viwili. Wanalitia mkokotenini, juu yake wanatupa majani. Mmoja anageuka kumwangalia meya. Na meya, kiganja bado hewani, anamkonyezea jicho.

Miaka sitini na mitatu. Mizunguko tisa. Kila mara walimgusa shavu wakasema shavu liko hai, kwa hiyo jiwe liko salama, wakaenda zao kunywa. Waliuliza uliumia wapi. Hakuna aliyeuliza uligeukia wapi. Watu wenye akili, wenye kitabu, wenye dhiraa ya chuma, walibuni kofi la kumfanya mtoto akumbuke jiwe, na hawakugundua kwamba mtoto akipigwa hatazami jiwe. Hutazama kule alikotupiwa.

Alifungua macho. Alikuwa na miaka sabini na miwili, na damu kidogo mdomoni, chumvi.

"Umekumbuka?" Vendelin aliuliza.

"Nimekumbuka. Lakini nitatega kwanza. Mji huu ulianza hivyo."

"Hatuna muda wa..."

"Ni desturi pia," Kvido alisema polepole, akifunua kurasa za mwanzo kabisa. "Imo. Hapa mtu hanywi kabla hajategua. Haijafutwa."

"Mwacheni," watu wakasema, kwa kuwa walitaka kuchelewa kidogo, kama mtu anayezungusha nyama mdomoni. "Mwacheni atutegee, kisha tukabebe vyombo."

Hedvika akapangusa mdomo. "Askari wangu aliwekwa mlangoni mwa watu wote awazuie wageni. Akalala mlangoni mwa mtu mmoja, na kila aingiaye humkanyaga uso."

"Mbwa!" alisema mtu.

"Mbwa hukanyagwa mara moja."

"Mlevi!" Kicheko.

"Mke wa meya!" Kicheko kikubwa zaidi, kikafa haraka.

"Ni zulia," alisema Otylie, kwa uhakika wa mtu aliyekwisha pima mazulia yote. Hedvika akatikisa kichwa. Vendelin alitazama viatu vyake. Kuna mambo ambayo mtu hajawahi kuambiwa na bado miguu yake imeyajua tangu utotoni, kwa namna mama alivyomkataza kuketi penye ngazi ya mlangoni.

"Mmeshindwa?"

"Tumeshindwa, bibi, sema, mchana unafika!"

"Nipeni mji."

Ilikuwa karne ya sita au ya saba tangu maneno hayo yasemwe kwenye ardhi ile, na ardhi ikayatambua. Kvido alitazama kitabu, akatazama watu. "Inabidi," alisema. "Mfalme alitoa."

"Chukua!" wakapiga kelele, maana waliona ni neno tu. "Chukua Mji! Jibu!"

"Nimechukua. Nilikwenda mjini kwenu, nikakaa miaka sabini na miwili. Nikachambua manyoya ya mito yenu, mkalala. Nikapigwa kwa ajili yenu, nikanyamaza kwa ajili yenu, nikalalia mto wa Rozalie, na kunyamaza kwangu ni kubaya kuliko kofi lenu, hilo liandike, Kvido. Niliona jiwe la tisa likiibiwa siku nilipoandikwa. Sasa nifuateni."

Akashuka, nao wakafuata, kwa sababu waliokuja kufukuza hufuata tu. Mtoto wa utepe alitangulia. Mwanamke wa shayiri alitangulia. Walipita chini ya nguzo ya tauni, wakavuka uwanja, mpaka mbele ya nyumba ya meya, nyumba nzuri kuliko zote, yenye matao mbele. Mlangoni palikuwa na jiwe la kukanyagia, limelambwa na viatu vya miaka sitini na mitatu.

"Ligeuzeni," alisema Hedvika.

Walileta nondo. Jiwe lilikataa, kisha likatoa sauti kama jino. Chini yake sisimizi wa rangi ya asali, udongo mweusi, na upande uliolala gizani: taji, mshipa mweupe ukilikata vipande viwili, na chini ya taji, tisa.

Mpaka uko pale jiwe liliko. Mbele ya jiwe, Mji. Nyuma ya jiwe, nje.

Hakuna aliyelitamka. Walilifikiri tu, wote kwa wakati mmoja, na Hedvika alisikia fikra hiyo ikipita juu ya vichwa kama upepo juu ya shayiri. Macho elfu nne yaliondoka usoni mwake, yakapanda kwenye madirisha ya Vendelin. Otylie alikuwa amekwisha songa mbele. Futi ilikuwa imeshuka shingoni, imefunguka, inang'aa.

"Ana mapazia ya hariri," alisema, kwa sauti laini.

"Piga!" mtu akasema. "Bibi, Mji ni wako, mpige! Aandikwe! Ili tukumbuke!"

"Piga! Piga!"

Wakamsukuma Vendelin mpaka mbele ya jiwe. Kofia ilianguka. Bila kofia alikuwa mtu wa kawaida, amepungukiwa nywele, ana kovu dogo la tetekuwanga. Alifumba macho, akatoa shavu la kushoto, kama mtoto aliyefundishwa.

Hedvika aliinua mkono. Mkono wake ulikuwa mwepesi, umejaa mishipa, umechambua ulaini na mfupa kwa miaka hamsini. Aliutazama. Ulifanana na dhiraa ya chuma pale ukutani: mkono mtupu, usio na mtu. Ungeweza kushuka wenyewe. Nyuma yake kengele ilianza kulia saa sita.

Akamshika kidevu. Hakukishika kwa huruma, maana vidole viliacha alama. Akakizungusha kichwa kile kushoto, kisha chini, mpaka uso wa meya ukakutana na uso wa jiwe.

"Fumbua macho," alisema. "Tazama. Hili tu ndilo mlilopaswa kuniambia nilipokuwa mtoto."

Umati ukanguruma kama mbwa aliyenyang'anywa. Otylie akaanza kukunja futi yake, polepole, inchi kwa inchi, bila kuyaachia madirisha. Kengele ikamaliza. Vendelin alikuwa anatazama. Na Hedvika, mwenye Mji, hakuondoa mkono, kwa kuwa alijua akiuondoa tu watagawana mapazia. Akasimama pale amemshika kidevu mjukuu wa mtu aliyempiga, huku nyumbani bata wake wakilia njaa, na Rozalie, ukingoni mwa uwanja, akiitua saa chini kutoka mgongoni.